Nalea skauti 34, binti yangu amenirudishia skafu

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 41, fundi cherehani katika mji mmoja mkoani Tanga. Naomba mji wenyewe usiutaje, maana ukisema tu "yule mama wa skauti" nusu ya soko watajua ni nani. Safu hii naisoma kwa simu kila wiki nikisubiri mkaa wa pasi ukolee. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja barua itakuwa yangu.

Skauti niliingia kwa bahati tu. Miaka sita iliyopita mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu na kibanda changu aliniletea jora la khaki nishone sare 12. Watoto wakaja kupimwa, wakabaki wanachezea futi yangu, mmoja akaniuliza kama nalijua fundo lisilofunguka. Nikamwonyesha lile tunalofungia mzigo wa kuni. Jumamosi iliyofuata walikuja wanane kutaka wafundishwe. Basi ndiyo ikawa hivyo. Nimefanya kozi ya awali, nikafanya na Wood Badge, ile kozi ya juu ya viongozi wa skauti, nina shanga zangu mbili za mti shingoni, na leo kundi lina watoto 34, wavulana 19 na wasichana 15. Kiongozi mtu mzima ni mimi peke yangu. Mwalimu mlezi yupo kwenye karatasi, ila Jumamosi ana masomo ya ziada ya kulipwa, kwa hiyo tunamwona Mwenge wa Uhuru ukipita na siku ya kupiga picha.

Mshauri, wanangu hawa ungewaona ungewapenda. Walipokuja hawakuweza hata kusimama mstari mmoja. Sasa wanasimamisha hema wakiwa wamefumbwa macho kwa skafu, kila mmoja anajua kamba yake kwa kupapasa. Mwaka juzi mvua ilitukuta porini usiku, nikatoka na tochi kwenda kuwaokoa, nikakuta wameshachimba mfereji kuzunguka hema na wamelala. Nilisimama pale kwenye matope nikalia, sijui kwa nini.

Kuna mmoja nitamwita K., ana miaka 12, anaishi na bibi yake mzaa mama. Mazoezi ni saa mbili asubuhi, yeye saa moja kasoro yuko getini. Mwanzoni nilidhani ni bidii. Kisha nikaona namna anavyouangalia mfuko wangu wa maandazi. Siku hizi nabeba maandazi 40, na kazi ya kugawa nampa yeye, ili yanayobaki yawe yake bila mtu kumtazama. Wiki niliyougua malaria sikwenda. Bibi yake aliniambia alikaa getini mpaka saa nne.

Sasa shida yangu. Mume wangu ni dereva wa Canter, anapeleka machungwa Dar. Mwaka wa kwanza alikuwa nasi kabisa. Yeye ndiye aliyetukatia mwanzi wa bendera, na mara mbili alitupakia bure kwenda kambini. Siku hizi nikitaja skauti anaongeza sauti ya redio. Na kosa ni langu. Desemba tuliitwa kambi ya mkoa, siku 4, nikaandikisha watoto 22. Mchango ulikuwa shilingi 15,000 kila mtoto. Wazazi wote waliahidi, waliotoa ni 11. Sikuweza kuwaambia watoto nusu yao wabaki. Nikakopa 180,000 kwenye kikoba changu, 165,000 za kujazia na 15,000 za dawa na kamba. Kwa riba inakuwa 198,000. Nimesharejesha 90,000. Mume wangu alikikuta kitabu cha kikoba chini ya vitambaa, akaniuliza hizi ni za nini, nikamwambia za kununulia vitenge. Mwezi uliofuata akaambiwa ukweli na mtu mwingine, tena kijiweni. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mama watoto, wewe una familia mbili, na ile nyingine ndiyo inayokula kwanza."

Binti yangu wa pili ana miaka 13, yuko darasa la 7, na amekuwa skauti tangu ana miaka 9. Mwezi wa tatu tulichagua viongozi wa patroli. Patroli yao ina watoto 7, na 5 walimpigia kura yeye. Niliogopa wazazi watasema najipendelea, nikaitoa ile nafasi nikampa mwenzake. Wiki mbili baadaye nilikuta skafu yake juu ya cherehani, imekunjwa vizuri. Akasema, "Mama, mimi nimestaafu." Tangu hapo haji, na nyumbani ananiita Kiongozi. "Kiongozi, chumvi imekwisha." "Kiongozi, naomba hela ya daftari."

Kamishna wa Skauti wa Wilaya anataka jibu kabla ya katikati ya mwezi wa tano kama nitapeleka kundi zima kambini shule zikifungwa Juni. Mume wangu ananiambia nichague. Nikiacha, kundi litakufa, na K. Jumamosi atakwenda kwa nani? Nisipoacha, naona nyumba inaniponyoka. Niache au nibaki?

Mama wa Skafu, Mkoa wa Tanga

JIBU

Marahaba, mama. Pole na malaria, pole na madeni, na pole zaidi kwa hilo jina la Kiongozi. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea fahari, mara ya pili nikakuonea huruma, na ya tatu nikachukua kalamu nikaanza kupiga mistari chini ya baadhi ya maneno. Nikikuuliza jambo linalochoma, jua linatoka kwenye ile mistari, wala si kwamba nimekugeuka.

Nikilisema tatizo lako kwa maneno yangu ni hivi. Kazi uliyoianza kwa kuonyesha fundo la mzigo wa kuni imekua ikakuzidi kimo. Imekula Jumamosi zako, imeingia kwenye kikoba chako, imekufanya umdanganye mumeo, na sasa imekukosanisha na mtoto uliyemzaa. Na wakati huohuo ndiyo kazi iliyokufanya usimame kwenye matope ukilia kwa furaha. Kwa hiyo umekuja na swali la milango miwili, kuacha au kubaki, ukitaka nikusukume upande mmoja.

Sitakusukuma. Hata nikitaka, sina uhakika kama hiyo milango miwili ndiyo iliyopo.

Hebu turudi kwa binti. Umemwandikia aya moja, tena karibu na mwisho, baada ya mahema, mvua, maandazi na hesabu za kikoba. Na kila ulipoandika "wanangu" ulikuwa unawasema skauti. Sidhani kwamba humpendi. Mtu asiyempenda mwanawe haandiki kwamba skafu ilikuwa "imekunjwa vizuri". Uliiangalia ile mikunjo. Ila nakuuliza: yeye alisema uache? Kwa jinsi ulivyoniandikia, hakusema. Alisema yeye ndiye amestaafu. Hajakuomba uchague kati yake na kundi. Huenda anachokitaka ni kurudishiwa kilichokuwa chake, yaani kura tano za wenzake.

Naelewa ulichokiogopa. Kwenye miji yetu midogo maneno ya wazazi yanatembea kuliko bodaboda. Lakini angalia kilichotokea pale. Ulitaka kuonekana mwenye haki, na gharama ya hiyo haki akailipa mtoto wako peke yake, mbele ya wenzake, bila kuulizwa. Tena si yeye tu. Wale watoto waliompigia kura wamejifunza kwamba kura yao haina maana Kiongozi akiwa na hofu. Kama ulihofia upendeleo, ungeweza kumwita mwalimu mkuu au mzazi mmoja asimamie kura, wewe ukakaa pembeni. Hilo bado linawezekana.

Ukimkalisha kuzungumza naye, nakusihi usianze kwa kujieleza. Sisi wazazi tuna ugonjwa huo: tunaita mazungumzo, kumbe tunajitetea. Muulize siku ile ilikuwaje kwake, kisha nyamaza. Akinyamaza naye, shona. Watoto wa umri huo huongea vizuri zaidi mikono ya mkubwa ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine. Na uwe tayari kusikia kwamba hataki kurudi hata ukimrudishia patroli yake. Yuko darasa la 7, mtihani wa taifa ni Septemba, na mwakani hatakuwa hapo shuleni. Huenda muda wake wa skauti ya shule ya msingi umekwisha kweli, kikabaki kidonda tu cha namna ulivyokwisha.

Sasa baba watoto. Umeniandikia kwamba anataka uchague. Lakini maneno yake mwenyewe uliyoyanukuu si hayo. Alisema ile familia nyingine ndiyo inayokula kwanza. Mtu anayesema hivyo analalamikia zamu. Huyu ndiye aliyekukatia mwanzi wa bendera na kupakia watoto wa watu bure kwenye gari ambalo mafuta yake yana mwenyewe. Mimi simwoni kama adui wa skauti. Namwona mtu aliyekuwa ndani, akajikuta nje, halafu akapata habari za nyumba yake kijiweni. Kwa mwanamume, kuambiwa mambo ya mkewe na watu wa kijiweni ni msumari, na bei ya vitenge haihusiki hapo. Naweza kuwa nakosea. Wewe ndiye unayemjua. Lakini umeshawahi kumwomba radhi kwa ule uongo, peke yake, bila kuufunika na habari za wazazi 11 waliotoa na wengine 11 walioingia mitini? Ni radhi mbili tofauti, na nahisi moja bado hujaitoa.

Deni lenyewe, ukitoa marejesho yako, limebaki 108,000. Linamalizika. Ningependa ulimalize akiwa anakiona kitabu. Ila kuna hatari hapa na sitaificha: ukimfungulia hesabu zote, anaweza kuja na sharti kwamba hakuna tena shilingi ya nyumba kwenda kambini. Je, ungeliweza sharti hilo? Mimi naliona kama ukuta wa kukusaidia, maana siku mzazi akisema "Mama, wewe utajazia tu", utakuwa na jibu. Wewe unaweza kuliona kama kufungwa mikono. Lipime kabla hujakaa naye.

Nije kwenye lile neno ulilolisema kwa uhakika mkubwa kuliko yote: nikiacha, kundi litakufa. Niliwahi kufundisha kwaya ya watoto miaka 9, nikiamini hivyohivyo. Mgongo ukanilazimisha nikae nyumbani. Kwaya haikufa. Iliimba vibaya miezi mitatu, kisha ikaanza kuimba vizuri kuliko enzi zangu, na nakiri kwamba hilo liliniuma kuliko kama ingekufa. Sikuambii kisa hiki kukuhakikishia kwamba la kwako litapona. Linaweza kufa kweli. Kundi la watoto 34 lenye mtu mzima mmoja linaning'inia kwenye uzi, na uzi wenyewe unaugua malaria. Lakini basi shida ipo hata ukibaki.

Wewe umepita Wood Badge, haya unayajua kuliko mimi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, huyu aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alipopiga kambi yake ya kwanza kisiwani Brownsea mwaka 1907, aliwagawa wale wavulana kwenye patroli nne, kila moja na kiongozi wake wa rika lao, mambo mengi wakayaamua wao. Mpango mzima ulijengwa ili mkubwa asibebe kila kitu. Watoto wako wamekuonyesha wanaweza; ulikwenda na tochi kuwaokoa ukakuta mfereji umeshachimbwa. Nani alilia pale, Kiongozi aliyefurahi, au aliyegundua kwamba hahitajiki kama alivyodhani? Uliandika "sijui kwa nini". Nimeyapigia mstari hayo maneno.

Usinielewe vibaya. Si dhambi kupenda mahali unapopigiwa saluti. Mtu anashinda kibandani anaitwa "we fundi, suruali yangu vipi?", Jumamosi anasimama mbele ya watoto 34 waliokaza migongo, wanamwangalia kama anajua kila kitu. Nani asingeipenda Jumamosi hiyo? Ni malipo, na kwa anayejitolea ni malipo halali kabisa. Nataka tu ujue kwamba yamo kwenye mizani, ili siku ukisema "nabaki kwa ajili ya watoto" ujue ni watoto kiasi gani na ni wewe kiasi gani.

Ukibaki kama ulivyo, Jumamosi zote na mfuko wako, nadhani unajua kitakachofuata kwa sababu kimeshaanza. Kundi litakuwa salama kwa mwaka, pengine miwili. Nyumbani sijui. Na kuna hatari nyingine hukuitaja: mtu mzima mmoja na watoto 34 kambini usiku. Mtoto mmoja akivunjika mguu saa nane ya usiku, utampeleka hospitali uwaache 33, au utabaki? Skauti duniani wana utaratibu wa kumlinda mtoto unaoitwa Safe from Harm, na mahali pengi kanuni ni watu wazima wasiopungua wawili. Inamlinda mtoto, inakulinda na wewe usije ukasingiziwa jambo ukakosa shahidi. Kwa hilo tu nasema bila kuzunguka: Juni usiende peke yako, hata kila mtu nyumbani akikubariki. Mwambie Kamishna unakwenda kama wapo wazima wengine, akiwemo mwanamume mmoja kwa ajili ya wale wavulana 19, na kama michango imetimia kabla ya tarehe mtakayoipanga. Visipotimia, jibu litakuwa limejitoa lenyewe.

Ukiacha ghafla, nyumbani kutapoa haraka. Lakini najiuliza kama hautakuja uchungu wa chinichini, siku moja ukamwambia binti yako, "Nami niliacha skauti kwa ajili yako." Nimepokea barua za watu wazima walioambiwa maneno ya namna hiyo na mama zao. Hawayasahau.

Kati ya hayo mawili pana uwanja mpana kuliko unavyodhani. Skauti ya dunia, kwenye sera yake ya watu wazima, haimtazami kiongozi wa kujitolea kama mtumishi wa milele. Anapewa jukumu kwa muda maalumu. Muda ukiisha mnakaa mnatazamana, kisha anaendelea, au anahamia jukumu jingine, au anapumzika kwa heshima. Wewe kwa miaka sita hakuna aliyekukalisha ukaulizwa. Unaweza kumwomba Kamishna kikao hicho wewe mwenyewe. Unaweza kuomba mapumziko mpaka Septemba mtihani wa binti upite. Unaweza kubaki na Jumamosi mbili kwa mwezi, nyingine akashika mtu mwingine. Unaweza kuhamia kwenye kufundisha viongozi wapya na kushona sare, mambo ambayo hayana saa mbili asubuhi.

"Mtu mwingine nani?" Nakusikia. Tazama vijana ulioanza nao. Wale wanane wa kwanza leo wako sekondari, baadhi wanakaribia miaka 18, umri wa kuwa Rova, yaani skauti wa rika la juu. Hawawezi kushika kundi peke yao, lakini kufundisha mafundo na kusimamia gwaride mbele ya mtu mzima wanaweza. Mzima mwenyewe mtafute kwa wazazi. Itisha kikao, uwaambie kwa sauti kile ulichoniandikia mimi: niko peke yangu, na Desemba nililipa 165,000 zenu. Labda hujawahi kuwaambia. Labda wanadhani zilitoka serikalini. Hatari yake ni aibu, na kwamba wanaweza kuja watano tu. Lakini watano ni wengi kuliko mmoja. Na mwalimu mlezi asibaki wa picha. Hilo ni la kuzungumza na mwalimu mkuu, aliyekuletea jora la khaki.

K. nimemweka peke yake makusudi. Ile hila yako ya kumpa kazi ya kugawa maandazi imenigusa sana. Lakini siku uliyougua ilionyesha kwamba chakula chake cha Jumamosi kimefungwa kwenye afya ya mtu mmoja, na kwamba kuna siku 6 nyingine ambazo sijui anakula nini. Je, unajua wewe? Umewahi kukaa na bibi yake zaidi ya salamu? Mweleze mwalimu wa darasa lake kwa siri, na ofisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, kuona kama nyumba ile ina msaada inaostahili kupata. Kama unahisi kuna zaidi ya njaa, namba 116 ya simu kwa mtoto hupigwa bure. Si kwamba unamtupa. Unamwongezea watu. Na ukipumzika, tafadhali umwambie yeye mwenyewe, ana kwa ana, kabla ya Jumamosi yenyewe. Kungoja getini mpaka saa nne ndiko kulikomuumiza, kuliko kukosa andazi. Anaweza pia kupita kibandani kwako siku yoyote. Pale kuna wapita njia, kuna wateja, na fundi siku zote ana kazi ndogondogo za kumpa mtoto, kuokota pini na kuchomoa nyuzi.

Sijui utaamua nini, mama, na huenda uamuzi wa leo usiwe wa Desemba. Kama ungekuwa umekaa hapa mbele yangu ningekumiminia chai kwanza, nikuache upumue, kisha ningekuuliza jambo dogo ambalo barua yako haikulisema. Ile skafu iliyokunjwa vizuri, umeiweka wapi? Uliirudisha kwenye sanduku la kundi, umeificha, au bado iko juu ya cherehani? Kama bado iko hapo, basi kila siku binti anapita anaiona, na anakuona wewe ukishona kuizunguka. Ukiniandikia tena, anzia hapo.